UZI: Unajimu na data, kuanzia mabamba ya Babeli hadi majaribio ya kitakwimu

MsomaAnga (mleta uzi)

Wakuu, mada za nyota huishia kwenye "naamini" na "siamini", basi. Hapa naomba tufuate njia nyingine: nani alirekodi nini, alihesabu vipi, na hesabu ilikatikia wapi. Msimamo wangu nausema mapema. Unajimu haukuwahi kupungukiwa na data. Ulipungukiwa na kundi la kulinganishia, na pengo hilo lilikaa wazi kwa zaidi ya miaka 2,000.

Tuanze Babeli. Kuna mfululizo wa mabamba ya udongo uitwao Enuma Anu Enlil, takriban mabamba 70, wenye maelfu ya dalili za angani. Dalili zimeandikwa kwa muundo mmoja: ikiwa mwezi utapatwa namna hii, basi mfalme wa nchi fulani atafikwa na jambo hili. Walengwa walikuwa mfalme, majeshi, mavuno na mafuriko. Mtu wa kawaida hakuwamo. Bamba la 63 lina kumbukumbu za Zuhura kuonekana na kupotea kwa miaka 21, za enzi ya mfalme Ammisaduqa.

Kisha zikaja shajara za anga. Zilizosalia zinaanzia 652 KK na kuishia 61 KK, karibu karne 6 za kazi ileile. Waandishi walijaza mwezi uko karibu na nyota gani, sayari ziko wapi, kuna mawingu au mvua, kina cha mto Frati kimefika wapi, na shekeli moja ya fedha inanunua kiasi gani cha shayiri, tende, ufuta, sufu na bidhaa nyingine chache. Fani nyingi za leo hazina kumbukumbu ndefu kiasi hicho.

Safu za anga zilizaa matunda. Waligundua kuwa Zuhura hurudia mwendo wake kila miaka 8, kwa sababu mizunguko 5 ya takriban siku 584 ni siku 2,920. Waligundua pia kuwa baada ya miezi mwandamo 223, yaani siku 6,585 na theluthi moja hivi, kupatwa kwa mwezi hurudi kwa namna ileile. Safu za ardhini, bei na kina cha mto, hazikutoa kanuni yoyote ya namna hiyo.

Dalili zenyewe zilikuwa na kasoro ya muundo. "Ikiwa A, basi B" huhifadhi A na B zilipotokea pamoja. Haina mahali pa kuandika mara ambazo A ilitokea na B ikakosekana, wala mara ambazo B ilitokea bila A. Bila visanduku hivyo viwili, huwezi kujua kama A ina uzito wowote.

Kidaftari

Ahsante mkuu. Hiyo theluthi ya siku ina kazi gani? Na nyota 12 za kuzaliwa ziliingia lini?

MsomaAnga

@Kidaftari theluthi ya siku ni saa 8. Ndani ya saa hizo dunia huwa imejizungusha theluthi ya ziada, kwa hiyo kupatwa kunakofuata huonekana takriban digrii 120 magharibi zaidi. Ikipita mizunguko 3, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, kunarudi maeneo yaleyale.

Kuigawa njia ya jua sehemu 12 za digrii 30 kila moja kulifanyika karne ya 5 KK, na mwanzoni ilikuwa ni rula ya kupimia mahali ilipo sayari. Chati za kuzaliwa (michoro ya mahali sayari zilipokuwa mtu alipozaliwa) za kale zaidi zilizopatikana ni za 410 KK.

MhengaWaFalaki

Naongezea yaliyofuata. Ptolemy wa Iskandaria, karne ya 2 BK, aliandika vitabu viwili tofauti: Almagest kuhusu mwendo wa sayari, na Tetrabiblos kuhusu athari zake. Mwenyewe alikiri kuwa elimu ya pili haina uhakika wa ile ya kwanza. Mpaka ulijulikana tangu hapo, ila wafanyakazi walikuwa walewale wa pande zote mbili, na mara nyingi mlipaji alilipia upande wa pili. Khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad, Nawbakht na Masha'allah walimchagulia siku: 30 Julai 762. Al-Biruni katika Kitab al-Tafhim cha mwaka 1029 alifundisha jiometri, hesabu, falaki na asturlabu (chombo cha kupimia mahali pa nyota), kisha unajimu, bila kuficha mashaka yake juu ya huo wa mwisho.

Hoja kongwe ya kuupinga ni ya pacha. Cicero aliitumia, Augustine akairudia: wamezaliwa pamoja, mbona maisha yao yanatofautiana? Wanajimu walijibu kuwa dakika chache hubadilisha chati. Jibu hilo lina gharama yake. Ikiwa dakika chache zina nguvu kiasi hicho, basi chati iliyotengenezwa kwa saa ya kukisia haina thamani, na zilizo nyingi katika historia ni za saa ya kukisia.

Mwaka 1499 Johannes Stöffler alichapisha almanaka iliyoonyesha kuwa Februari 1524 sayari zingekusanyika kwenye Samaki. Vijitabu zaidi ya 100 vilichapishwa Ulaya vikijadili gharika. Sayari zilikusanyika kama zilivyohesabiwa. Gharika haikuja. Kanuni ya "mkusanyiko kwenye nyota ya maji huleta mafuriko" haikuondolewa vitabuni.

Sasa mtazameni Kepler. Alipokuwa akitumia vipimo vya Tycho Brahe, mzingo alioutengeneza kwa duara ulipishana na Mirihi halisi kwa dakika 8 za tao, ambazo ni takriban robo ya upana wa mwezi mpevu. Akautupa na kutafuta upya hadi akafika kwenye duaradufu, akaichapisha 1609. Kepler huyohuyo alimwandikia jenerali Wallenstein chati mwaka 1608, na aliweka kumbukumbu za hali ya hewa kwa miaka mingi akitafuta athari za pembe za sayari, yaani digrii zinazotenganisha sayari moja na nyingine. Angani, dakika 8 zilitosha kubomoa nadharia. Kwenye unajimu hapakuwa na kosa la ukubwa wowote lililokubaliwa kuwa linatosha.

NyotaYaNge

Hapa mnachanganya mambo. Utabiri wa magazetini wa nyota ya jua peke yake si unajimu kamili. Mnajimu makini husoma chati nzima: sayari zote, nyumba (sehemu 12 za anga zinazohesabiwa kuanzia upeo wa mashariki), pembe. Halafu mhimili wa dunia umehama, nyota zenyewe zimehama, wengine wanasema kuna ya 13. Mtapima nini hasa?

MsomaAnga

@NyotaYaNge hoja ya magazeti naikubali. Safu hiyo ilianza kushika kasi Agosti 1930, R. H. Naylor alipoandika katika Sunday Express ya London kuhusu kuzaliwa kwa Princess Margaret. Ni kitu kichanga sana kwenye historia hii.

Kuhusu nyota kuhama: Mwanaastronomia Mgiriki Hipparchus aliligundua hilo karne ya 2 KK. Mhimili wa dunia huyumba taratibu, digrii 1 kila miaka 72 hivi, na mzunguko mzima huchukua karibu miaka 26,000. Unajimu wa Magharibi huanzia digrii 0 ya Kondoo pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi, bila kujali makundi ya nyota yako wapi. Unajimu wa Kihindi hufuata makundi ya nyota, na leo mifumo hiyo imepishana takriban digrii 24. Kwa kuwa nyota moja ina digrii 30, karibu watu 4 kati ya 5 wana nyota ya jua tofauti kwenye mifumo hiyo miwili. Hilo ni jaribio lililojitayarisha lenyewe: wasomaji wa mifumo yote miwili husema maelezo yao yanawafaa.

Ya 13, Ophiuchus, inatokana na mipaka ya makundi ya nyota aliyoichora Eugène Delporte na kuchapishwa 1930. Jua hupita humo kuanzia karibu 30 Novemba hadi 18 Desemba. Mipaka hiyo ni ya wanaastronomia kupanga ramani ya anga, haihusiani na sehemu 12 zilizo sawa.

MpigaHesabu

Wakuu, niingie kwenye kupima, maana hapa ndipo wengi wanaojaribu huharibu.

Andika dai lote kabla ya kufungua faili. "Mirihi ina uhusiano na wanamichezo" halitoshi. Mirihi ikiwa sehemu gani ya anga, wanamichezo wa kiwango gani, waliochaguliwa na nani, na idadi iongezeke au ipungue? Chati moja ina sayari 10 (kwa hesabu ya kinajimu jua na mwezi wamo), kwa hiyo uwekaji kwenye nyota ni 120, kwenye nyumba 120, na jozi 45 za sayari zikipewa pembe 5 kuu ni 225. Jumla 465. Ukitumia kiwango cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 1 kati ya 20, utapata takriban 23 "zilizothibitika" hata kama hakuna chochote. Hata ukiwa na nyota 12 za jua tu, nafasi ya kupata angalau moja ya uongo ni asilimia 46. Ndiyo maana "chati nzima" aliyoitaja @NyotaYaNge hurahisisha kupata ulinganifu baada ya tukio, huku ikizidi kuwa ngumu kupima.

Saa ya kuzaliwa ndiyo inayofuata. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, digrii 1 kila dakika 4. Wanajimu wenyewe wana madaraja ya ubora yaliyoanzishwa na Lois Rodden: AA ni saa ya kwenye cheti au rekodi ya wakati huo, A ni ya kumbukumbu ya mtu, na hushuka hadi DD ambayo ni taarifa zinazopingana. Tumia AA tu. Kisha chora mgawanyo wa dakika: ukiona kilima kwenye 00 na 30, ujue wasajili walikuwa wakiviringisha saa, na kila dai la nyumba lina ukungu wa digrii kadhaa.

Kugeuza saa ya mahali kuwa saa moja ya dunia nzima huua tafiti nyingi kimyakimya. Kabla ya kanda za saa, miji ilifuata jua lake, tofauti ya dakika 4 kwa kila digrii ya longitudo. Ufaransa ilianza kutumia saa ya Paris nchi nzima mwaka 1891, ikahamia ya Greenwich 1911, tofauti ya dakika 9 na sekunde 21. Kalenda nazo: Gregori ilianza 1582, Uingereza ikaichukua 1752, Urusi 1918. Faili lenye Warusi wa karne ya 19 bila marekebisho lina kosa la siku 12, na mwezi ndani ya siku 12 huwa umepita nyota 5.

Mahali pa sayari si tatizo tena. Swiss Ephemeris, programu ya kuhesabu mahali pa sayari inayotokana na hesabu za maabara ya JPL ya NASA, ina usahihi mara nyingi zaidi ya unaohitajika. Hakiki tu kwa tarehe ya ikwinoksi ya Machi, jua linapovuka ikweta: jua lisome digrii 0.

MpigaHesabu

Naendelea na jambo ninaloliona muhimu kuliko yote, kiwango cha kawaida, yaani idadi ambayo ungeitarajia hata kama nyota hazina athari yoyote. Wengi hugawa kwa 12 na kuishia hapo. Ni kosa, kwa sababu tatu angalau.

Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari na hapo huenda kasi, kwa hiyo jua hukaa kwenye Mbuzi siku 29 na nusu hivi, kwenye Kaa zaidi ya siku 31. Watoto nao hawazaliwi sawa mwaka mzima, wala sawa ndani ya saa 24.

Nyota inayochomoza mashariki haigawanyiki sawa kadiri unavyoondoka ikweta. Kwenye latitudo ya London, Kondoo humaliza kuchomoza kwa dakika 52 hivi, Mizani kwa saa 2 na dakika 51. Ukiwa na faili la Waingereza, utakuta "Mizani inayochomoza" zaidi ya mara tatu ya "Kondoo inayochomoza", na utadhani umegundua kitu.

Utaridi hauachani na jua zaidi ya digrii 28. Ulinganifu wowote kati ya nyota ya jua na nyota ya Utaridi ni jiometri tupu.

Dawa ya yote matatu ni kuchanganya. Chukua watu walewale, mahali palepale, muongo uleule, kisha badilishana saa na tarehe zao kwa bahati nasibu. Hesabu upya. Rudia mara 10,000. Ukiukusanya mgawanyo huo unapata kiwango cha kawaida kinachobeba msimu, saa na latitudo. Matokeo halisi yalinganishe na huo, si na 1/12.

DadaTakwimu

Kaka @MpigaHesabu umenitangulia vizuri, nilete mifano miwili ya hospitali.

Mwaka 2006 Peter Austin na wenzake walitumia rekodi za wakazi 10,674,945 wa Ontario, Kanada. Waligawa watu nusu mbili. Nusu ya kwanza walitafuta magonjwa ambayo nyota fulani inalazwa zaidi. Kila nyota ilipata angalau mawili. Wakachukua madai 24, mawili kwa kila nyota, wakayapeleka nusu ya pili. Yalibaki mawili: Simba kutokwa damu tumboni na Mshale kuvunjika mfupa wa mkono wa juu. Walipofanya marekebisho ya majaribio mengi, yaani kukaza kiwango kwa kuwa madai yaliyopimwa ni mengi, hayo mawili nayo yakaondoka. Lengo lao lilikuwa kuwaonya watafiti wa tiba, si kuwakabili wanajimu.

Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988 lilihusu wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo. Aspirini ilipunguza vifo kwa uwazi kabisa. Waandishi waliombwa kugawa matokeo kwa vikundi vidogo, wakaweka nyota makusudi: Mapacha na Mizani walionekana kudhurika kidogo, wengine wote wakafaidika sana. Huo ni mgawanyo wa bahati tu, na ungeweza kumnyima mgonjwa dawa inayookoa maisha.

Kidaftari

Lakini nimesoma kuwa mwezi wa kuzaliwa una uhusiano na magonjwa kweli. Si ndiyo nyota hiyo?

DadaTakwimu

Uhusiano upo. Watafiti wa Columbia mwaka 2015 walipima watu 1,749,400 na hali 1,688 za kiafya, na 55 zilihusiana na mwezi wa kuzaliwa baada ya marekebisho. Sababu zinazofikiriwa ni jua na vitamini D wakati wa ujauzito, maambukizi ya msimu, na vumbi au chavua za miezi ya kwanza.

Kuna na mpaka wa umri. Timu za watoto zikihesabu umri kuanzia 1 Januari, mtoto wa Januari anacheza na wa Desemba aliye mdogo kwake karibu mwaka mzima. Anachaguliwa, anafundishwa zaidi. Ubelgiji walipohamisha mpaka wa soka kutoka 1 Agosti kwenda 1 Januari mwaka 1997, wingi wa wachezaji vijana ulihama pamoja na mpaka. Anga haikuhama.

Namna ya kutenganisha: misimu ya kusini mwa ikweta imegeuka miezi 6, nyota hazikugeuka. Athari ikigeuka nayo, ni msimu. Ikifuata tarehe ya shule au klabu, ni kanuni ya watu. Ikibaki tarehe zilezile kila mahali, hapo ndipo nyota ingeanza kustahili kusikilizwa.

MhengaWaFalaki

Msimsahau Michel Gauquelin, mtafiti Mfaransa, kwa sababu yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wote. Alikusanya saa za kuzaliwa kutoka kwa wasajili wa Ufaransa na nchi jirani, akagawa mwendo wa Mirihi wa siku nzima sehemu 12, akapata kuwa mabingwa wa michezo huzaliwa zaidi Mirihi ikiwa imetoka kuchomoza au imetoka kupita kilele: asilimia 22 dhidi ya 17 inayotarajiwa. Nyota za kuzaliwa, nyumba na pembe za kawaida alizipima pia akazikuta hazina kitu, jambo ambalo wanajimu wengi hulipita.

Kamati ya Ubelgiji ilipima mabingwa 535 ikapata 22.2. Kundi la kulinganishia la watu wa kawaida zaidi ya 16,000 lilitoa 17, kwa hiyo kiwango chake cha kawaida kilikuwa sahihi. Wamarekani wakapima mabingwa wao 408: asilimia 13.5. Wafaransa wakapima 1,066 na kuchapisha 1996: 18.7, bila tofauti ya kitakwimu. Ugomvi ukahamia kwenye swali la nani ni bingwa. Mtu anayechagua majina huku akijua Mirihi iko wapi anaweza kupendelea bila kukusudia. Ndiyo sababu orodha ya watu lazima ifungwe kabla ya chati kutengenezwa.

Geoffrey Dean alipendekeza maelezo mengine: zamani wazazi ndio waliopeleka saa kwa msajili, na walioamini almanaka wangeweza kuisogeza kidogo. Athari inakosekana kwa waliozaliwa tangu miaka ya 1950, saa zilipoanza kuandikwa na hospitali.

NyotaYaNge

Na wateja wanaotoka kwa mnajimu wakisema "umenisoma mimi kabisa"? Hao wote wanadanganywa?

MpigaHesabu

Hawadanganywi lazima, na mnajimu anaweza kuwa mkweli kabisa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Yalikuwa yaleyale kwa wote, mengi yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Wastani wa alama ulikuwa 4.26 kati ya 5. Gauquelin naye alituma tafsiri ya chati ya muuaji Marcel Petiot kwa watu 150 kama vile ni yao. Asilimia 94 walisema inawafaa.

Kwa hiyo kuridhika kwa mteja hakupimi chati. Kinachopima ni kuchagua kwa upofu. Shawn Carlson alifanya hivyo, jarida la sayansi la Nature likachapisha Desemba 1985: wanajimu 28, chati 116 kamili, na kwa kila chati wachague wasifu sahihi wa kisaikolojia kati ya tatu. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia theluthi, sawa na kubahatisha. Ila ikumbukwe washiriki wenyewe nao walishindwa kutambua wasifu wao wa kisaikolojia, na hilo linapunguza uzito wa sehemu hiyo. Anayetaka kurudia atumie kipimo ambacho watu wanajitambua nacho, au matukio yenye tarehe, kama ndoa na kazi.

MsomaAnga

Kwa wanaosema "haiwezekani kwa sababu hakuna nguvu inayotoka kwenye sayari": hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1975 wanasayansi 186 walisaini tamko dhidi ya unajimu, mwanaastronomia Carl Sagan akakataa kusaini. Alisema kukosa maelezo ya utaratibu hakutoshi. Mwachano wa mabara ulikataliwa kwa sababu hiyohiyo, na ulikuwa kweli. Thomas Kuhn, mwanafalsafa wa sayansi, naye hakukubali kuwa unajimu ulikwepa kupimwa. Ulitabiri, ukakosea hadharani mara nyingi. Tatizo aliloliona ni kuwa kosa halikuzaa swali la utafiti ambalo mtu angeweza kulifanyia kazi kesho yake.

Kidaftari

Swali la mwisho kwa @MpigaHesabu. Nina faili la watu 60 wenye saa za cheti. Naweza kupima dai la Mirihi?

MpigaHesabu

Huwezi, kwa upande wowote. Kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 17, kwa watu 60 bahati peke yake inakupeleka pointi 9 na nusu juu au chini. Ili kuona tofauti ya 22 dhidi ya 17 kwa nafasi ya asilimia 80, unahitaji takriban watu 470 kwa dai moja. Ukipima madai 12 ya namna hiyo na kurekebisha kwa kugawa 0.05 kwa 12, panda hadi 810 hivi. Ongeza nusu ya pili ya kuthibitishia na unakaribia 1,600. Hao 60 watumie kujaribia programu yako: badilisha saa, angalia kanda, hakikisha chati zinatoka sawa kabla ya kupata faili kubwa.